Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Fundi wa Invercargill na Pikipiki Yake

ELIMU YA WATU WAZIMA KWA REDIO: SOMO LA HISTORIA

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kabla ya kusikiliza: kusubu, kalibu, silinda, pistoni, valvu, wastani.

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu ana karatasi na kalamu, maana leo tutafanya na hesabu kidogo.

Katika masomo yaliyopita tulizungumza habari za wafalme, vita na mikataba. Leo hatuna mfalme wala vita. Tuna fundi mmoja na pikipiki moja, ambayo aliishughulikia nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 40. Huenda mmoja wenu anamnong'oneza jirani yake: "Je, hiyo nayo ni historia?" Naam, ni historia. Mikono ya watu ina historia yake kama vile viti vya wafalme vilivyo na historia yake.

Tena nina sababu nyingine. Katika madarasa ninayoyatembelea, swali moja huulizwa mara nyingi, na kwa kawaida huulizwa kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mimi nimeanza kushika kalamu nikiwa mtu mzima. Nitafika wapi sasa?" Nimechagua somo la leo kwa ajili ya swali hilo. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mlijibu wenyewe.

MTU NA MASHINE YAKE

Jina lake ni Herbert James Munro, lakini watu walimwita Burt. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899 katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa nchi ya Nyuzilandi. Nyuzilandi ni nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Ukitoka Invercargill kwenda kusini, ukishapita kisiwa kimoja, mbele yako ni bahari tu mpaka barafu ya ncha ya dunia. Munro alikulia shambani. Hakusomea uhandisi katika chuo kikuu cho chote. Alichokijua alikipata kwa kutazama, kwa kujaribu, na kwa kuharibu.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki ya Kimarekani iitwayo Indian Scout. Kiwanda cha Indian kilikuwa katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, na kilianzishwa mwaka 1901. Aliyeichora Scout alikuwa mhandisi wa Kiayalandi, Charles Franklin. Ilikuwa na silinda mbili zilizosimama kwa kupanuka kama herufi V, na ukubwa wa injini yake ulikuwa karibu sentimeta za ujazo 600. Linganisheni: pikipiki nyingi za abiria tunazoziona barabarani siku hizi zina 125 au 150. Hata hivyo, Scout ilipotoka kiwandani haikuweza kwenda zaidi ya maili 55 kwa saa, yaani kilometa 89. Andikeni tarakimu hiyo, 55. Tutairudia.

Mwaka 1926, pikipiki ilipokuwa na umri wa miaka sita na imekwisha tumika sana, Munro alianza kuibadili. Mwingine angaliiuza, akanunua mpya. Yeye hakuwa na fedha nyingi, na zaidi ya hayo alitaka kujua jambo moja: Je, mashine hii inaweza kufika wapi?

INJINI HUFANYAJE KAZI?

Ili tuelewe alichokifanya, hapana budi tujue kidogo habari za injini. Ndugu zangu mafundi mlioko darasani, mnivumilie, na mahali nitakapokosea mniandikie.

Ndani ya injini mna tundu la mviringo liitwalo silinda. Ndani ya silinda mna kitu kama kizibo kipandacho na kushuka. Hicho ni pistoni. Kazi yake ina hatua nne. Kwanza, pistoni hushuka na kuvuta ndani hewa iliyochanganyika na petroli. Pili, hupanda na kuibana hewa hiyo. Tatu, cheche huiwasha, nayo hulipuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Kuvuta, kubana, kulipuka, kutoa. Mwalimu, waambie wanafunzi wayarudie maneno hayo manne kwa pamoja.

Hewa huingia na moshi hutoka kwa kupitia milango midogo. Milango hiyo ndiyo valvu. Katika Scout ya mwaka 1920 valvu zilikuwa kando ya silinda, hazikuwa juu yake. Injini ya namna hiyo ni nyepesi kuitengeneza, wala haisumbui. Lakini ina kasoro mbili. Hewa lazima ipige kona ili iingie, kwa hiyo huingia kidogo na kwa taabu, kama watu wanaopita katika mlango mwembamba uliojengwa pembeni. Tena mahali pa kulipukia ni papana, kwa hiyo hewa haibanwi sawasawa. Na hewa isiyobanwa sawasawa hailipuki kwa nguvu.

Munro alilielewa jambo hilo. Basi akaihamisha milango. Aliitengeneza injini upya, valvu zikawa juu ya pistoni. Fikirini: ni kama mtu anayeondoa mlango wa nyumba ubavuni na kuuweka darini, huku nyumba ikiwa imesimama na watu wamo ndani.

KAZI KATIKA BANDA

Alifanya kazi hiyo kwa vifaa gani? Mchana Munro alikuwa akiuza na kutengeneza pikipiki za watu. Usiku alirudi kwenye pikipiki yake, na mara nyingi kulikucha akiwa bado anafanya kazi, kisha akaenda kazini. Sehemu alizozihitaji hazikuuzwa dukani, na kama zingaliuzwa asingalikuwa na fedha za kuzinunua. Kwa hiyo alizitengeneza mwenyewe.

Pistoni alizisubu. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu ili yapate umbo. Wahunzi wetu waliijua kazi hii tangu zamani. Kalibu za Munro zilikuwa makopo makuukuu. Madini yakishapoa, alikitoa kile kipande kizito na kukipunguza kidogo kidogo mpaka kikaingia katika silinda pasipo kukwama wala kulegea. Silinda zenyewe alizitengeneza mwenyewe, na kadhalika magurudumu mazito ya ndani ya injini.

Kila pistoni hushikwa na mkono wa chuma unaoiunganisha na mhimili uzungukao chini yake. Mkono huo hupata taabu kuliko sehemu nyingine zote, maana huvutwa na kusukumwa mara elfu nyingi kila dakika. Munro alitwaa ekseli kuukuu ya trekta akaichonga mpaka ikawa mikono miwili ya injini. Hebu waza, ndugu mwanafunzi: chuma kilichokuwa kikibeba trekta shambani, kinakatwa kwa saa nyingi, siku nyingi, mpaka kinabaki kitu cha kutosha mkononi. Kisha alikitia moto na kukifanya kiwe kigumu zaidi.

Na vipimo je? Kiwandani hupima kwa chombo kiwezacho kuona tofauti ndogo kuliko unywele. Chombo cha Munro kilikuwa sipoku kuukuu ya gurudumu. Msikie vibaya sana kama mtadhani kwamba alikisia ovyo. Mama zangu mnaopika mnajua: kuna mtu anayetia chumvi kwa kipimo cha kiganja, na chakula chake hakikosei hata siku moja, kwa kuwa kiganja chake kimejifunza kwa miaka 30. Kukisia ni jambo moja, na kupima kwa mkono uliofundishwa na makosa ni jambo lingine.

UKIIMARISHA HAPA, PANAVUNJIKA PALE

Sasa tumefika katikati ya somo letu. Wengi hudhani kwamba kuongeza nguvu za mashine ni jambo moja tu: utie injini kubwa, uende. Historia ya pikipiki hii yatufundisha sivyo.

Munro alipopandisha valvu juu, mlipuko ukawa na nguvu zaidi. Mlipuko ulipozidi, pistoni zikatoboka na kupasuka. Alipozipata pistoni imara, mikono ya chuma ikavunjika. Alipoipata mikono imara, nguvu zikapita kwenda kwenye mnyororo, nao ukawa dhaifu. Mwishowe aliweka minyororo mitatu pamoja. Joto lilipozidi, mafuta ya kulainishia hayakutosha, ikabidi atengeneze upya njia za mafuta. Na kila mara alipotaka nguvu zaidi alipanua silinda, hata ukubwa wa injini ukapanda kutoka karibu 600 mpaka 950. Na kila alipopanua, taabu zote hizo zilianza upya.

Hakuvitupa vitu vilivyovunjika. Alivipanga katika rafu ndani ya banda: pistoni zilizotoboka, mikono iliyokatika, vipande vya chuma visivyokuwa na umbo tena. Kwa mzaha aliiandika rafu hiyo kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Mtu aliyepita akaiona rafu ile angaliweza kusema: "Masikini, tazama jinsi alivyoshindwa." Lakini mimi naiona kama daftari. Kila kipande kilikuwa kama mstari mmoja wa somo, unaosema: hapa chuma kilikuwa chembamba; hapa joto lilizidi; hapa nilifanya haraka. Wazee wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Munro hakukijua Kiswahili, lakini aliiishi methali hiyo.

Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya mwendo katika nchi ya Nyuzilandi, na baadaye aliweka nyingine saba. Alikuwa na pikipiki nyingine pia, Velocette ya Kiingereza ya mwaka 1936, nayo aliibadili vivyo hivyo. Kwa kujaribu alitumia ufuo wa Oreti, karibu na mji wao, ambako mchanga ni mgumu na mrefu.

Historia ya kweli haifichi gharama. Munro alioa, akapata watoto wanne. Lakini mwaka 1947 yeye na mkewe waliachana. Baadaye aliacha kazi akahamia katika banda la kuwekea gari, akaishi humo humo pamoja na mashine zake. Siwaambieni kwamba hivyo ndivyo inavyompasa mtu kuishi. Nawaambieni ndivyo ilivyokuwa. Ninyi wenye nyumba na watoto mpime wenyewe.

Na mwaka 1953 likatokea jambo lingine: kiwanda cha Springfield kiliacha kutengeneza pikipiki. Waliomzaa mtoto huyu wa chuma walikuwa wamekwisha funga milango, lakini mtoto mwenyewe alikuwa bado anakua katika banda la Invercargill.

CHUMVI YA BONNEVILLE

Marekani, katika jimbo la Utah, kuna uwanda mpana wa chumvi uitwao Bonneville. Zamani sana palikuwa na ziwa kubwa; maji yalikauka, chumvi ikabaki. Wakati wa kiangazi uwanda huo ni mweupe, mgumu, na wa sawa kama sakafu, hauna mti wala jiwe. Kwa sababu hiyo wenye mashine za mwendo wa kasi hukutana huko kupima nguvu zao.

Mwaka 1962 Munro aliivusha pikipiki yake bahari akaipeleka Bonneville. Alikuwa na umri wa miaka 63. Watu wa rika lake walikuwa wakipumzika barazani.

Hapo tena alikutana na adui ambaye hashindwi kwa nguvu za injini peke yake, nao ni upepo. Kila aliyeendesha baiskeli anamjua. Ukienda polepole humsikii. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo hukusukuma nyuma mara nne. Ndiyo maana Munro aliifunika pikipiki yake kwa ganda refu lililochongoka, lenye umbo kama samaki, naye akalala ndani kifudifudi. Samaki hupita majini kwa urahisi kwa sababu ya umbo lake. Basi na pikipiki ipite hewani vile vile.

Mwaka huo wa 1962 alikwenda maili 178.971 kwa saa, ikawa rekodi ya dunia kwa pikipiki za ukubwa wake. Mwaka 1966 aliweka rekodi nyingine, maili 168.066, katika daraja lingine. Na mwaka 1967 aliweka rekodi ya tatu, katika daraja la pikipiki zisizozidi ukubwa wa 1000. Mwaka huo, katika mbio moja ya kujipima, alipita maili 190 kwa saa, yaani zaidi ya kilometa 305.

Sasa shikeni kalamu. Toeni 1899 katika 1967. Mmepata ngapi? 68. Huo ndio umri wa mwendeshaji. Toeni 1920 katika 1967. Mmepata 47. Huo ndio umri wa pikipiki. Zidisheni 55 mara tatu. Mmepata 165. Basi mashine iliyotoka kiwandani na mwendo wa maili 55 ilikwenda zaidi ya mara tatu ya mwendo wake wa kwanza, ikiwa mzee wa miaka 47, ikiendeshwa na mzee wa miaka 68.

HESABU ILIYOKOSEWA

Somo letu lingeweza kwisha hapo, lakini limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nilichague kwa ajili yenu.

Rekodi ya mwendo haiandikwi kwa mbio moja. Mwendeshaji hukimbia mara mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu upepo waweza kumsaidia upande mmoja na kumzuia upande wa pili. Kisha huchukuliwa wastani. Kwa mfano: kwenda ni maili 180, kurudi ni maili 170. Jumlisha, upate 350. Gawanya kwa mbili, upate 175. Huo ndio wastani.

Mwaka 1967 wastani wa Munro uliandikwa kuwa maili 183.586 kwa saa. Tarakimu hiyo ilichapishwa, ikasomwa, ikarudiwa. Munro mwenyewe alifariki tarehe 6 Januari 1978, akiwa na tarakimu hiyo. Mwaka 2005 habari zake zilitengenezewa sinema, na watu wa nchi nyingi wakalijua jina lake. Na bado hakuna aliyeirudia ile hesabu.

Mwishowe mwanawe, aitwaye John, aliitazama tena. Akaona wastani ulikosewa. Akawaandikia wahusika wa chama cha pikipiki cha Marekani, nao wakahesabu upya wakakiri kosa. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo cha mzee, rekodi ya mwaka 1967 ilisahihishwa ikawa maili 184.087 kwa saa, yaani kilometa 296 na kitu.

Tofauti ni ndogo. Ni karibu nusu maili tu. Lakini fikiri, ndugu yangu. Mtu alitumia zaidi ya miaka 40 kutafuta mwendo huo, akalala bandani, akasubu na kuchonga. Kisha kalamu ya mtu mwingine ikampunguzia kwa kosa la kujumlisha na kugawanya. Na aliyemrudishia haki yake hakutumia nyundo wala tupa. Alitumia karatasi na hesabu.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, umri si ukuta. Munro alianza kazi hii akiwa kijana wa miaka 27 na kuifikisha kileleni akiwa babu. Wewe uliyeanza kuandika jina lako mwaka huu, usiyahesabu yaliyopita, hesabu yaliyobaki.

Pili, kosa lililohifadhiwa na kuchunguzwa ni mali. Usilichane daftari lenye alama nyekundu.

Tatu, nawaonya vijana wenye pikipiki. Munro alikimbia kwenye uwanda mtupu, usio na mtoto wala mbuzi wa kukatiza. Ukibadili injini ya pikipiki ya barabarani ili ikimbie zaidi, breki zake zimebaki zile zile za mwendo wa zamani, na barabara ni ya watu wote. Nguvu bila kizuizi ni msiba. Igeni subira yake, msiige kasi yake.

Nne, nanyi mtaona kuwa ndilo kubwa: mikono pekee haitoshi. Fundi asiyeweza kusoma hesabu yake hulazimika kuamini hesabu ya wengine. Mkulima hupelekwa kwenye mizani. Mama huandikiwa deni dukani. Mfanyakazi hupewa karatasi ya mshahara. Pengine hapakuwa na nia mbaya, ni kosa tu. Lakini kosa halijisahihishi lenyewe. Lataka mtu mwenye macho ya kusoma.

Kabla hajafariki, Munro aliziuza pikipiki zake kwa mwenye duka wa mjini kwao ili zisiondoke katika wilaya yao. Alipenda zibaki mahali ambapo watoto wa Invercargill wangeziona.

MASWALI

1. Munro alianza kuibadili pikipiki yake mwaka gani? Ilikuwa na umri wa miaka mingapi?
2. Taja hatua nne za kazi ya injini.
3. Kwa nini valvu zilizo kando ya silinda huipunguzia injini nguvu?
4. Mwendeshaji alikwenda maili 160 kwa saa, akarudi maili 150. Wastani wake ni nini?
5. Zungumzeni darasani: Je, Munro alifanya vema kuishi bandani kwa ajili ya kazi yake? Kila mtu atoe sababu.

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tano juu ya kitu kimoja kilichoharibika nyumbani kwako, ukakitengeneza kwa mikono yako. Eleza nini kilivunjika, ulitumia kifaa gani, na ulijifunza nini.

Hapa ndipo tunapoishia leo.